Ibn al-Haytham, Mwanachuoni wa Nuru

Miongoni mwa wanavyuoni wa Kiislamu ambao majina yao hayafai kusahauliwa ni Abu Ali al-Hasan bin al-Hasan bin al-Haytham. Alizaliwa Basra, katika nchi ya Iraki, karibu na mwaka 354 wa Hijra, yaani 965 Miladia. Mengi katika maswali yaliyomshughulisha ni yale ambayo hata mtoto huyauliza: Jicho laonaje? Kwa nini mwezi unapochomoza huonekana mkubwa kuliko unapokuwa juu? Aulizaye hivyo aghalabu huambiwa anyamaze. Yeye aliyatafutia majibu umri wake wote.

Wanahistoria wamesimulia kwamba sifa zake zilimfikia al-Hakim, Khalifa wa Misri, pamoja na habari kuwa aliwahi kudai angeweza kuyatawala maji ya mto Nile. Khalifa akamwita, naye akasafiri na mafundi mpaka karibu na Aswan. Njiani aliyatazama majengo ya Wamisri wa kale, jinsi yalivyopimwa kwa ustadi, akafahamu kuwa kazi ile, lau ingaliwezekana, watu wale wasingaliiacha. Alirudi akakiri kwamba ameshindwa. Kisha, kwa kuihofia ghadhabu ya Khalifa, alijifanya mwenda wazimu, akazuiliwa nyumbani mwake mpaka al-Hakim alipofariki mwaka 1021. Baada ya hapo aliishi karibu na msikiti wa al-Azhar, akijipatia riziki kwa kunakili vitabu vya hesabu.

Kitabu chake kilicho mashuhuri kuliko vyote ni Kitab al-Manazir, chenye juzuu saba. Kabla yake, Wayunani wakubwa kama Euclid na Ptolemy walifundisha kuwa jicho hutoa miale iendayo kukigusa kitu kinachotazamwa. Ibn al-Haytham hakulikubali neno hilo kwa sababu tu ya ukubwa wa waliolisema. Aliona kwamba atazamaye jua huumia macho; basi kuna kitu kinachoingia jichoni kutoka nje. Kitu hicho ni nuru, itokayo katika jua au taa, ikakipiga kitu, kisha ikalifikia jicho.

Hakutosheka na maneno matupu. Aliweka taa kadhaa mahali mbalimbali mbele ya tundu la chumba cha giza, na ukutani ndani yakatokea mabaka ya mwanga kwa hesabu ya taa zile. Alipoikinga taa moja, baka lake peke yake lilitoweka. Hivyo akathibitisha kuwa nuru hufuata njia iliyonyoka, na kwamba nuru nyingi hupita katika tundu moja pasipo kuchanganyika.

Ama kuhusu mwezi, alieleza kuwa anayeukuza hasa ni mtazamaji mwenyewe. Unapokuwa chini, kati yake na mtu mna ardhi, miti na majumba; akili hukadiria kuwa uko mbali zaidi, kwa hiyo huuhukumu kuwa mkubwa. Unapokuwa utosini, hapana kitu cha kuupimia. Anyooshaye mkono na kuufunika mwezi kwa ukucha wa kidole cha mwisho ataona ukucha huo huo watosha mara zote mbili. Wataalamu wa leo wangali wakilijadili jambo hilo, lakini nao sababu yake huitafuta katika akili ya mtu, si mbinguni.

Alifariki Cairo karibu na mwaka 1040. Kitabu chake kilifasiriwa kwa Kilatini, na mwaka 1572 kikapigwa chapa katika mji wa Basel. Huko Uajemi, Kamal al-Din al-Farisi, aliyefariki karibu na mwaka 1319, alikisherehesha, na kwa kutumia tufe la kioo lililojazwa maji akaeleza upinde wa mvua vizuri zaidi kuliko Ibn al-Haytham mwenyewe. Kusahihishwa huko hakukumpunguzia heshima, kwani ndiko alikokufundisha: katika kitabu chake cha kumtilia shaka Ptolemy aliandika kuwa mwenye kuitafuta haki huyapima maneno ya waliotangulia, na huituhumu hata nafsi yake. Mtu aliyekiri mbele ya mfalme kuwa Nile imemshinda alikuwa na haki ya kusema hivyo. Mwenyezi Mungu amrehemu.