Maisha ya Sir Albert Cook, Mganga wa Mengo

Kila mwaka, baada ya hesabu ya fedha na orodha ya watoto waliolipiwa karo, kijitabu hiki hutenga kurasa chache kwa habari za mtu aliyetutangulia. Safari hii tumemchagua mganga wa Uganda. Wapo watakaouliza Uganda yawahusu nini watu wa mto Kerio. Na wakumbuke kwamba sehemu ya nchi ya Waturkana ilihesabiwa kuwa ya Uganda mpaka mwaka 1926. Tena, kabla ya Nairobi kuanza kufundisha udaktari mwaka 1967, kijana wa Kenya aliyetaka kuwa daktari pasipo kuvuka bahari alielekea Makerere; na habari ya udaktari wa Makerere haisimuliki bila kutaja hospitali ya Mengo.

Albert Ruskin Cook alizaliwa Hampstead, London, mwaka 1870. Alisoma Cambridge, kisha akajifunza uganga katika hospitali ya Mtakatifu Bartholomew. Mwaka 1896 alitumwa na chama cha misheni cha Kanisa la Uingereza, akashuka Mombasa pamoja na wenzake. Reli ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kujengwa, na haikufika ziwani mpaka mwaka 1901. Kwa hiyo msafara wao ulikwenda kwa miguu, ukawasili Mengo mwezi wa Februari 1897. Miongoni mwa wasafiri alikuwamo muuguzi, Katharine Timpson, aliyefunzwa katika hospitali ya Guy's mjini London. Hao wawili walioana mwaka 1900, na tangu hapo kazi ya mmoja haitengeki na kazi ya mwenzake.

Hospitali yao ya kwanza ilikuwa nyumba ya matete na udongo. Mwaka 1899 alifika ndugu yake Albert, Jack, ambaye naye alikuwa mganga. Mwaka 1901 hao ndugu wawili waliwaona wagonjwa wa namna isiyojulikana pale, na maradhi hayo yakatambulikana kuwa malale. Katika miaka michache iliyofuata yaliua watu wanaokadiriwa kuwa zaidi ya 200,000 katika pwani na visiwa vya ziwa. Mwaka 1902 hospitali ilipigwa na radi ikateketea. Ikajengwa nyingine, ya matofali.

Waganga wawili au watatu, wangefanya nini mbele ya nchi nzima? Mgonjwa alibebwa siku kadhaa hadi Mengo, na mara nyingi alifika akiwa amechelewa. Tangu mwanzo Cook aliwatumia vijana wa papo hapo kufunga vidonda na kupima dawa. Tena alijifunza lugha yao, akatunga kitabu cha maneno na misemo ya uganga kwa Kiganda, ili mganga na mgonjwa wapate kuelewana. Jambo hili twaliona kubwa kuliko upasuaji wake wote. Mwenye kuumwa hueleza maumivu yake kwa lugha ya mamaye, na asiyeisikia lugha hiyo hutibu kwa kubahatisha. Mama wa Kiturkana aliyepata kusimama mbele ya mganga akimtafuta mkalimani ukumbini hahitaji kuelezwa zaidi.

Vita vya kwanza vya dunia ndivyo vilivyolihimiza jambo lenyewe. Mwaka 1917 vijana wa shule za misheni za Uganda waliandikwa katika kikosi cha Waafrika cha utabibu, wakawahudumia askari na wapagazi. Ikaonekana wazi kwamba kijana aliyesoma kidogo, akipewa mafunzo na nidhamu, aweza kulindwa na kuaminiwa katika kazi ya wagonjwa. Mwaka huo huo Cook alifungua Mengo shule ya kuwafundisha Waafrika kuwa wasaidizi wa waganga.

Vita vilipokuwa vikiisha, Bibi Cook naye alisimamisha shule ya wakunga, iliyopewa jina la Lady Coryndon, mke wa Gavana. Kazi hii ilikuwa ngumu kuliko ile ya wavulana. Desturi iliweka uzazi mikononi mwa wanawake wazima waliokwisha kuzaa. Msichana asiyeolewa hakutazamiwa hata kuwapo penye mzazi. Sasa wageni walitaka binti aondoke kwao, akae bwenini, ajifunze mambo ambayo mama yake mwenyewe asingeyataja mbele yake, kisha apelekwe kituo cha mbali akafanye kazi kwa mshahara. Hata hivyo wasichana walipatikana. Cook na mkewe waliwaandikia kitabu cha ukunga kwa Kiganda, na waliohitimu wakatawanywa katika vituo vya uzazi vya mashamba, ambako mganga Mzungu hakuonekana ila kwa nadra.

Wazazi wa Lokori wanalijua shaka hilo. Baba ambaye binti yake amekwisha kuposwa, na ngamia na mbuzi wa mahari wamekwisha kutajwa, akisikia kwamba mtoto anatakiwa Lodwar kusomea uuguzi katika Chuo cha Mafunzo ya Tiba, huona mali ikimtoka. Tusimcheke, anahesabu alichonacho. Chama chetu kimejifunza kwamba hoja haimshindi mzazi wa namna hiyo. Humshinda binti wa jirani aliyerudi na vazi la kazi, akamzalisha dada yake usiku pasipo gari.

Haitakuwa haki kuandika sifa tupu. Shule ya wakunga ilizaliwa pamoja na kampeni kubwa dhidi ya kaswende, na Cook alikuwa miongoni mwa walioamini kwamba sehemu kubwa sana ya watu wa Buganda walikuwa nayo. Wachunguzi wa baadaye wameona kwamba hesabu hizo zilitiwa chumvi, na kwamba wengi waliodhaniwa kuwa na kaswende walikuwa na maradhi mengine, kama buba. Watu walilaumiwa tabia kwa ugonjwa ambao hawakuupata kwa tabia. Kosa hili si dogo, na ubora wa kazi yake nyingine haulifuti.

Tena mlango uliofunguliwa ulikuwa mwembamba. Kijana alifundishwa awe msaidizi. Kuwa daktari kamili lilikuwa jambo la siku zijazo, na siku hizo zilisogezwa mbele kila mara. Katika miaka ya 1920 mafunzo ya wavulana yalihamia Mulago na Makerere, mikononi mwa serikali. Hata hapo waliohitimu walikaa miaka mingi chini ya Wazungu wenye vyeti vya Uingereza, na cheti cha Makerere hakikutambuliwa na baraza la waganga la Uingereza mpaka mwaka 1957.

Cook hakuiona siku hiyo. Mwaka 1932 alipewa cheo cha Sir, na mwaka 1934 alistaafu. Hakurudi kwao, alikaa Makindye, Kampala. Bibi Cook alifariki mwaka 1938, naye akamfuata mwaka 1951.

Jambo moja lake bado latumika. Tangu siku za kwanza aliandika habari za kila mgonjwa, ugonjwa wake na matibabu yake. Mwaka 1964 waganga waliokuwa Kampala walichapisha uchunguzi wa maradhi ya saratani uliotokana na kumbukumbu za Mengo za tangu mwaka 1897 hadi 1956. Majalada yake yamehifadhiwa katika maktaba ya wanafunzi wa udaktari wa Makerere, huko Mulago, nayo maktaba hiyo ina jina lake.