Leonhard Euler: Aliyemaliza mzozo wa logi

Mwanahisabati Leonhard Euler alizaliwa Basel, Uswisi, mwaka 1707, akapata elimu kwa Johann Bernoulli. Mwalimu huyo alizozana na Gottfried Leibniz kuhusu logi za namba hasi: Bernoulli alizilinganisha na logi za namba chanya, Leibniz akakataa.

Kumpinga mwalimu si jambo jepesi. Hata hivyo, katika makala iliyochapishwa Berlin mwaka 1751, Euler alionyesha kuwa hakuna kati yao aliyekuwa na jibu kamili. Kila namba isiyo sifuri, pamoja na namba changamano, ina logi zisizo na idadi.

Msafiri atokaye Busia akiuzunguka Mwamba wa Tororo mara moja au mara kumi, huishia pale pale alipoanzia. Mahali ni pamoja, hesabu ya mizunguko ni tofauti. Ndivyo logi za namba moja zinavyopishana: kwa mizunguko kamili. Logi ifundishwayo shuleni ni mojawapo tu.

Uzeeni Euler alipofuka, lakini aliendelea kukokotoa kichwani huku wengine wakiandika. Alifariki St. Petersburg, Urusi, mwaka 1783, akiwa na umri wa miaka 76.