John Kemeny, mkimbizi aliyefungulia wanafunzi mlango wa kompyuta

Kijana anayetaka kutengeneza michezo ya kompyuta anajiuliza kwanza: nianze na lugha gani? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa BASIC, na lilitoka kwa mtu aliyefika Marekani kama mkimbizi.

John Kemeny alizaliwa Budapest, Hungaria, mwaka 1926, katika familia ya Wayahudi. Mwaka 1940 walikimbilia New York. Babu yake alikataa kuondoka, naye akapotea katika mauaji ya Wayahudi. Kijana huyo alikuja kuwa msaidizi wa Einstein, upande wa hesabu.

Alipokuwa akifundisha chuoni Dartmouth, aliona lugha kama FORTRAN ni za mainjinia. Na wale wanaosoma historia ama muziki, wao waanzie wapi? Yeye na mwenzake Thomas Kurtz wakatunga BASIC, yenye amri chache za Kiingereza chepesi. Ilianza kutumika tarehe 1 Mei 1964, alfajiri. Wanafunzi waliitumia bure, wengi kwa mashine moja. Hawakukawia kuandika michezo, na Kemeny hakukasirika: aliona mchezo unaondoa woga wa mashine.

Miaka ya 1980 kompyuta nyingi za nyumbani zilikuja na BASIC ndani, watoto wakaandika humo michezo yao ya kwanza. Mtaalamu Dijkstra alilalamika kwamba inaharibu akili za wanafunzi. Kemeny mwenyewe hakupenda vile makampuni yaliikatakata. Akatengeneza na Kurtz nyingine, True BASIC. Alifariki Desemba 1992.