Ilya Mechnikov: Mtu aliyetafuta dawa ndani ya maziwa yaliyoganda

Mtindi, maziwa lala, maziwa mgando: kila mahali pana jina lake. Maziwa yakipata bakteria wanaofaa huchachuka, hushikana, na hukaa siku kadhaa bila kuoza. Wafugaji wamelijua hilo tangu enzi na enzi. Lakini je, bakteria wanaozuia maziwa yasioze wanaweza kupambana na bakteria wabaya ndani ya tumbo la binadamu? Mtu aliyelifanya swali hilo lizungumzwe duniani kote ni Ilya Mechnikov.

Mechnikov alizaliwa mwaka 1845 katika kijiji karibu na mji wa Kharkiv, ambao leo uko Ukraine na wakati ule ulikuwa ndani ya Dola ya Urusi. Masomo ya chuo kikuu ya miaka minne aliyamaliza kwa miwili, akawa mwalimu wa elimu ya wanyama mjini Odessa akiwa bado kijana.

Maradhi hayakumpa nafasi ya kufurahia ujana huo. Mke wake wa kwanza, Ludmila, aliugua kifua kikuu. Siku ya harusi yao, mwaka 1869, ilibidi abebwe kwenye kiti kuingizwa kanisani. Alifariki mwaka 1873 kisiwani Madeira, walikokwenda kutafuta hali ya hewa iliyo bora. Wakati huo hapakuwa na dawa ya kifua kikuu, na mumewe, pamoja na elimu yake yote, hakuwa na la kufanya. Alikata tamaa kiasi cha kujaribu kujitoa uhai, akanusurika. Baadaye alimwoa Olga, naye mwaka 1880 akashikwa na homa ya matumbo, lakini akapona.

Mwaka 1882 walikuwa Messina, katika kisiwa cha Sicily, Italia. Siku moja familia ilikwenda kutazama maonyesho ya sarakasi, yeye akabaki na darubini yake. Alikuwa akichunguza vitoto vya kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota. Vitoto hivyo mwili wake hupenya mwanga, kwa hiyo unaona yote yanayotokea ndani. Akawachoma kwa miiba midogo kutoka bustanini. Kesho yake alfajiri akakuta chembechembe za mwili zimeuzingira mwiba kama siafu. Hapo akaelewa kwamba mwili una walinzi wake, chembechembe zinazowameza wavamizi. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1908, pamoja na Paul Ehrlich wa Ujerumani.

Mwaka 1888 alihamia Paris, akapewa maabara katika taasisi ya Louis Pasteur. Kipindupindu kilipoingia Ufaransa mwaka 1892, alitaka kujua kwa nini watu wawili wanakunywa maji yale yale, mmoja akaugua na mwingine akabaki mzima. Akanywa bakteria wa kipindupindu yeye mwenyewe. Hakuugua. Msaidizi mmoja aliyejitolea naye hakuugua. Mwingine akanywa, akakaribia kufa. Leo hakuna kamati ya utafiti ambayo ingeruhusu jambo kama hilo, na ni vizuri hivyo.

Ila alirudi maabara na swali lenye uzito. Alipowaotesha bakteria wa kipindupindu pamoja na bakteria wengine, aliona kwamba baadhi huwasaidia kukua na baadhi huwazuia. Maana yake, waliomo tumboni mwako kabla ugonjwa haujafika nao wana neno la kusema.

Kwa nini bakteria wa maziwa? Kwa sababu wanatengeneza asidi, na bakteria wengi waharibifu hawaipendi asidi. Pia wanagombea chakula na nafasi. Fikiria shamba la mahindi lililofunga vizuri: magugu hukosa mwanga na pa kuota. Mechnikov alikuwa amesikia kwamba wakulima wa Bulgaria, wanywaji wakubwa wa maziwa ya mgando, wanaishi miaka mingi. Akaanza kuyanywa kila siku, na mwaka 1907 akatoa kitabu kuhusu namna ya kurefusha maisha.

Hapa, kwa maoni yetu, alivuka mpaka. Alisema uzee wenyewe unasababishwa na sumu za bakteria wanaoozesha chakula katika utumbo mpana, na kwamba utumbo huo hauna faida kubwa. Mjini London daktari mmoja wa upasuaji alifikia hata kuwakata wagonjwa utumbo mpana. Maduka ya dawa nayo yakauza vidonge vya bakteria wa Bulgaria kwa ahadi nono. Watafiti waliofuata walionyesha kwamba bakteria yule hata haweki makazi katika utumbo wa mtu, anapita tu.

Wazo la msingi halikufa. Mwaka 1917 daktari wa Kijerumani, Alfred Nissle, alipata bakteria mwema kutoka kwa askari ambaye hakuugua wakati wenzake wanaharisha. Aina hiyo inatumika mpaka leo. Na mwaka 2017 ulitangazwa utafiti uliofanywa vijijini India kwa watoto wachanga zaidi ya 4,500: waliopewa bakteria wema walipata maambukizi makali au kufariki kwa kiwango cha chini zaidi kuliko wasiopewa. Bakteria hao walichaguliwa na kupimwa maabara. Kwa hiyo, msikilizaji, mtindi wa nyumbani si tiba ya kipindupindu wala kuhara. Mtoto anayeharisha apewe maji ya chumvichumvi na afikishwe kituo cha afya, na maziwa yachemshwe kabla ya kugandishwa.

Mechnikov mwenyewe moyo wake ulishindwa, akafariki Paris tarehe 15 Julai 1916, akiwa na miaka 71. Hakufika umri aliouahidi. Alipokuwa kitandani alimwomba daktari mwenzake kwamba akishafariki, ampasue na autazame utumbo wake kwa makini. Majivu yake yamehifadhiwa katika maktaba ya taasisi ile ile alikofanyia kazi.