Ronald Ngala, Mwalimu Aliyetetea Majimbo

Kwetu Morogoro neno jimbo halimtishi mtu. Wazee walilijua Jimbo la Mashariki la serikali ya Mwingereza, na siku hizi jimbo ni eneo la mbunge. Wenzetu wa Kenya waligombana vikali juu ya neno hilo, na aliyelishika bendera alikuwa mwalimu wa shule.

Marehemu Ronald Gideon Ngala, Mgiriama wa Kilifi, alisoma Alliance na Makerere, akafundisha huko Pwani, kisha akaingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1957. Mwaka 1960 vyama vya makabila madogo viliungana kuwa KADU, naye akawa kiongozi wake. Hofu yao kubwa ilikuwa ardhi. Mzungu akiondoka Bonde la Ufa, nani atagawa mashamba? Wakikuyu na Wajaluo, waliokuwa nguvu ya KANU, walikuwa wengi. Na penye kuhesabu vichwa tu, mchache hushindwa kabla ya kura kupigwa.

Mwaka 1961 KANU ilipata viti 19 na KADU 11, lakini KANU ilikataa kuunda serikali Kenyatta akiwa kizuizini, basi Ngala akaiunda. Katika mkutano wa London wa 1962 alipata alichotaka: majimbo yenye mabaraza yao, na Seneti ambamo kila wilaya, kubwa au ndogo, ilikuwa na kiti kimoja. Vifungu vilivyolindwa zaidi havikuweza kubadilishwa bila asilimia 90 ya maseneta.

Hoja ilikuwa nzuri, ila naona hakuifikisha mwisho. Watu wa ukanda wa maili 10 wa Sultani wa Zanzibar, waliodai Mwambao wao, nao walikuwa wachache. Ngala aliwapinga. Mchache wa Nairobi alikuwa mwenye wingi kule Pwani.

KANU ilishinda mwaka 1963. Serikali kuu ikayabania majimbo fedha na madaraka, na wabunge wa KADU wakahama mmoja mmoja. Novemba 10, 1964, Ngala alivunja chama chake na kujiunga na KANU. Ile asilimia 90 haikumkinga. Mwaka 1966 alikuwa waziri wa Kenyatta yule yule.

Alifariki Desemba 25, 1972, baada ya ajali ya gari huko Konza. Mwenzake wa KADU, Daniel arap Moi, alipata urais mwaka 1978 na akatawala kutoka Nairobi kwa chama kimoja. Mwaka 2010 Wakenya walipitisha katiba ya kaunti 47, kila moja na gavana wake na seneta wake.