Abu Ayyub Al-Ansari: Mzee wa Vita na Nyumba Yake

Wengi katika sisi wanalijua kaburi la Abu Ayyub kuliko wanavyoyajua maisha yake. Kwa hivyo tumeona vyema tuikumbushane sira yake, kwani ina mafundisho kwa kila mwenye mke, watoto na jirani.

Jina lake khasa ni Khalid bin Zayd, wa Bani Najjar katika Khazraj. Alikuwa miongoni mwa Ansari waliofunga ahadi na Mtume (s.a.w.) huko Al-Aqaba. Mtume alipohamia Madina mwaka 622, alishukia nyumbani kwake, akakaa kiasi cha miezi saba mpaka msikiti na vyumba vyake vikajengwa.

Mtume alikaa chini. Abu Ayyub na mkewe, Ummu Ayyub, wakakaa ghorofani. Siku moja mtungi wa maji ukavunjika huko juu. Mume na mke wakaharakisha kuyakausha maji kwa shuka nzito waliyokuwa nayo, wala hawakuwa na nyingine ya kujifunika, wasije wakamdondokea mgeni wao. Hawakutulia mpaka Mtume alipokubali kupanda juu, wao wakashuka chini.

Wanafiki walipomsingizia Bibi Aisha, Ummu Ayyub alimpa mumewe khabari ya maneno yaliyokuwa yakizungushwa mjini. Abu Ayyub alimwuliza kama yeye angelitenda jambo lile. Alipokana kwa kiapo, mumewe akamkumbusha kuwa Bibi Aisha ni bora kuliko yeye. Uzushi ule ukafia mlangoni mwao. Na baadaye alisafiri kutoka Madina mpaka Misri, kwa Uqba bin Amir, ili ahakikishe hadithi moja tu juu ya kusitiri aibu ya Muislamu. Alipoisikia, alipanda mnyama wake akarudi.

Siku moja alialikwa na Abdullah bin Umar katika karamu ya arusi ya mwanawe. Alipoona kuta zimevishwa mapazia, alichukizwa, akaondoka bila ya kula. Na tujiulize, ndugu zetu: lau angelialikwa katika arusi zetu za leo, zinazoacha madeni ya miaka, angelikaa hata akala?

Alipigana Badr na vita vilivyofuata, na uzee haukumweka kitako. Katika zama za Muawiya alitoka na jeshi lililokwenda Kostantinia. Huko aliwasikia watu wakiifasiri Aya inayokataza kujitia katika maangamizo kinyume cha maana yake. Akawaeleza kuwa iliteremka juu yao wao Ansari, walipotaka kubaki nyumbani wakitengeneza mali zao na kuiacha kazi ya dini. Mtu aliyeipenda nyumba yake hivi ndiye aliyejua kuwa nyumba nayo yaweza kuwa kisingizio.

Akaugua huko, akausia achukuliwe mbali kadiri iwezekanavyo katika nchi ya adui. Akazikwa karibu na kuta za mji, kiasi cha mwaka 52 wa Hijra.

Mji ulipofunguliwa mwaka 1453, Sultani Muhammad wa Pili alijenga msikiti hapo, na watu wakawa wanakwenda kaburini kutaka haja zao. Sisi twasema: haja huombwa kwa Mwenyezi Mungu peke Yake. Anayempenda Abu Ayyub na aanze kwa kuufunga mlango wake mbele ya uzushi na israfu. Mwenyezi Mungu amridhie, na atuongoze sisi na watu wa nyumba zetu. Amin.