Abebe Bikila: Roma, Tokyo, Mexico

Wandugu wachimbaji, mwaka 1960, wakati askari wa Ethiopia walifika hapa Kisangani (tulikuwa tunaita Stanleyville) na bendera ya Umoja wa Mataifa, mwenzao mmoja wa ulinzi wa Mfalme Haile Selassie alikuwa Roma, anakimbia pekupeku. Jina lake Abebe Bikila, mtoto wa mchunga mifugo, kizazi cha 1932. Tarehe 10 Septemba alimaliza kilomita 42 kwa saa 2 na dakika 15, akapata medali ya zahabu ya Olimpiki.

Watu wanakumbuka miguu ile bila viatu, wanaishia hapo. Kwangu mimi, Tokyo inapita Roma. Septemba 1964, wiki chache mbele ya mashindano, munganga alimpasua tumbo kutoa apendisi. Miezi ya mazoezi makali, chini ya mwalimu wake Onni Niskanen wa Sweden, ilikuwa tayari mwilini. Kisu kikamlazimisha kulala, kisha kuanza tena polepole. Pumziko lile hakulichagua. Lakini 21 Oktoba alikimbia saa 2 na dakika 12, mwendo ambao dunia ilikuwa haijauona, akamwacha wa pili zaidi ya dakika 4. Halafu akaanza kunyoosha viungo kwenye majani, mbele ya uwanja mzima, kama mtu ametoka kuamka.

Mexico 1968 ilikuwa ingine. Mguu uliumia mapema, mbele ya siku yenyewe, ila nchi nzima ilingoja medali ya tatu. Akaanza hivyo hivyo. Sisi wa shimo tunajua hesabu hiyo: mgongo unauma leo, kesho mtu anashuka, sababu deni ya unga haingoji. Shefu anamsifu, anamwita mwanaume. Kwenye kilomita 17 hivi Abebe akasimama. Mfupa wa mguu ulikuwa na ufa. Mwenzake Mamo Wolde ndiye alishinda.

Machi 1969 motokari yake ilianguka, hakutembea tena. Alitibiwa Uingereza, hospitali ya Stoke Mandeville, na 1970 akashindana kulenga mishale akikaa kwenye kiti cha magurudumu. Alikufa 25 Oktoba 1973, na miaka 41. Mfalme mwenyewe alifika kwenye mazishi, Addis-Abeba.